Chuo cha Umma cha Jimboni au cha Jimbo Jingine: Pima Kabla ya Kukubali

Chuo kikuu cha umma nchini Marekani humtoza mkazi wa jimbo lake ada nafuu, kwa kuwa kodi za wakazi huchangia kukiendesha. Anayetoka jimbo jingine hutozwa zaidi, mara nyingi maradufu au kupita. Hata hivyo, ada iliyotangazwa pekee haitoshi kuamulia.

Jumlisha ada, malazi, chakula, vitabu na nauli za mwaka mzima. Kisha toa ruzuku na ufadhili usiorejeshwa. Mkopo usiutoe: ni deni, hata kama barua ya chuo imeuorodhesha miongoni mwa misaada. Uliza pia iwapo ufadhili utadumu miaka yote minne, na kwa masharti gani.

Ruzuku ya Pell hutumika katika jimbo lolote, lakini ruzuku nyingi za majimbo huishia mpakani. Mwanafunzi anayetegemea wazazi kwa kawaida haruhusiwi kukopa serikali kuu zaidi ya dola 5,500 katika mwaka wa kwanza. Pengo linalobaki aghalabu hugeuka deni la mzazi, au la benki kwa dhamana ya mzazi; kijana akishindwa kulipa, mzazi ndiye atakayedaiwa.

Kuhamia jimbo kwa ajili ya masomo tu hakumfanyi mtu kuwa mkazi. Majimbo mengi hudai ukazi wa miezi 12, tena wa wazazi. Ulizia mikataba baina ya majimbo, kama ule wa Minnesota na Wisconsin, unaopunguza ada.

Usilipe amana ya kushikia nafasi kabla ya kupata hesabu ya kila chuo kwa maandishi.