Talaka: agizo lililosikika kabla ya kuandikwa

Yesu wa Nazareti alisulubiwa yapata mwaka 30, wakati Pontio Pilato alipokuwa liwali wa Kirumi katika Uyahudi. Wataalamu wengi wanaamini kuwa Injili ya kwanza, ile ya Marko, iliandikwa karibu na mwaka 70. Katika miaka hiyo 40, mafundisho yake yalihifadhiwa zaidi kwa masimulizi ya mdomo.

Je, maneno yasiyoandikwa yaliwezaje kudumu, na yalibadilika kwa kiasi gani? Suala la talaka linatoa mfano ulio wazi.

Sheria mbili

Warumi waliwaachia Wayahudi kufuata sheria za mababu zao katika mambo ya ndoa. Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, ilimruhusu mume kumwandikia mkewe hati ya talaka iwapo ameona kwake jambo lisilofaa. Jambo gani hasa? Wafuasi wa Shamai walisema ni uasherati tu. Wafuasi wa Hileli walisema hata kuunguza chakula kulitosha. Mjadala huo nao ulipokezwa kwa mdomo, hadi ulipoandikwa katika Mishna yapata mwaka 200.

Kwa Warumi mambo yalikuwa tofauti. Mke, sawa na mume, aliweza kuivunja ndoa bila hata kufika mahakamani. Mwanahistoria Myahudi Yosefo anasimulia kuwa Salome, dada yake Herode Mkuu, alimpelekea mumewe hati ya talaka, kinyume cha sheria ya Kiyahudi.

Suala hili lilikuwa na hatari zake. Kwa mujibu wa Injili, Yohana Mbatizaji aliuawa baada ya kuikemea ndoa ya Herode Antipa, mtawala wa Galilaya chini ya Warumi, na Herodia aliyekuwa mke wa ndugu yake.

Agizo moja, sura nne

Ushahidi wa zamani zaidi wa agizo la Yesu haumo katika Injili, bali katika barua ya Paulo kwa Wakorintho, ya miaka ya 50. Paulo anasema mke asimwache mumewe wala mume asimwache mkewe, na anaeleza kuwa amri hiyo ni ya Bwana. Suala lililofuata analitolea maoni, akitahadharisha kuwa hayo ni yake mwenyewe. Hivyo, kabla ya Injili kuandikwa, tayari palikuwa na uangalifu wa kutenganisha maneno ya Yesu na ya wanafunzi wake.

Hata hivyo, agizo hilo halikubaki katika umbo moja. Marko anamtaja pia mke anayemwacha mumewe, jambo lililoeleweka upesi kwa wasikilizaji walioishi chini ya sheria ya Kirumi. Luka anamtaja mume tu. Mathayo, ambaye Injili yake iko karibu zaidi na mijadala ya Kiyahudi, anaweka swali la iwapo mume aweza kumwacha mkewe kwa sababu yoyote, kisha anaongeza ruhusa moja: uasherati. Hapo inasikika wazi hoja ya Shamai na Hileli.

Kiini ni kimoja katika sura zote nne: kupinga kuvunjwa kwa ndoa. Kilichobadilika ni namna agizo lilivyotumika kwa watu wa sheria tofauti. Kwa mwanamke wa Kiyahudi aliyeweza kufukuzwa kwa kuunguza chakula, agizo hilo lilikuwa kinga. Kwa mwanamke wa Kirumi aliyezoea uhuru wa kuondoka, lilikuwa kizuizi.

Tofauti hizo hazijaisha. Kanisa Katoliki linashikilia kuwa ndoa halali ya Wakristo iliyokamilika haivunjwi na talaka, ilhali makanisa ya Kiorthodoksi na mengi ya Kiprotestanti huiruhusu kwa sababu maalumu, yakitaja pia maneno ya Mathayo.