Vita ndani ya kiwavi wa mahindi

Katika mashamba madogo yanayopakana na majani chai ya Kericho na Bomet, mkulima akipasua bua la hindi lililonyauka hukuta handaki lililojaa kinyesi kama unga wa mbao. Mara nyingi mwenyeji humo ni kiwavi wa Busseola fusca, nondo wa nyanda za juu. Lakini wakati mwingine kiwavi huyo amelegea, hali tena, na ubavuni pana rundo la vifukofuko vyeupe. Hiyo ni kazi ya nyigu Cotesia sesamiae, mdogo kuliko sisimizi.

Nyigu jike huingia handakini, akamchoma kiwavi na kumwachia makumi ya mayai. Hapo anahatarisha uhai wake, kwa kuwa kiwavi huuma. Funza wa nyigu wakianguliwa hunywa maji ya mwili wa kiwavi kwa karibu wiki mbili, bila kuumana wao kwa wao. Jike wa pili akiongeza mayai, chakula hakitoshi: wengi hufa, na wanaotoka huwa vidudu dhaifu.

Spishi nyingine za nyigu hazijui kugawana. Palipo na nafasi ya mmoja tu, funza mchanga huzaliwa na taya kali za kuwaulia wenzake. Nyigu Copidosoma floridanum amepita wote: yai lake moja hugawanyika na kutoa funza zaidi ya elfu, baadhi yao wakiwa askari wanaoua wapinzani na kufia ndani ya kiwavi bila kukomaa.

Hata hivyo, mpinzani wa kwanza ni kiwavi mwenyewe. Seli za damu yake hulizingira yai mpaka life, isipokuwa virusi anavyovidunga nyigu pamoja na mayai vizizime seli hizo. C. sesamiae wa pwani hushindwa ndani ya Busseola. Wa nyanda za juu za magharibi hufaulu.

Mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kiliachilia pwani nyigu Cotesia flavipes, aliyetolewa Pakistan, kumkabili Chilo partellus, kiwavi mwenye asili ya Asia. Ndani ya Chilo mgeni huyo ni hodari. Ndani ya Busseola, mayai yake hufa. Kwa hiyo Kericho inamtegemea nyigu wa kwao, na inasikitisha kwamba dawa inayopulizwa ovyo humkuta yeye nje, kiwavi akiwa salama ndani ya bua. Bua lenye vifukofuko vyeupe lisichomwe wala kukatiwa ng'ombe mapema. Nyigu wapya hutoka baada ya siku chache tu.