Binti wa Mzee Mrimba

Kisa cha nguo kinajulikana Kilwa nzima. Sultani Ali alitweka kutoka Shirazi, Uajemi, akafika Kilwa Kisiwani, akamkuta mwenyeji na kumwomba ardhi. Mwenyeji akataka nguo ya kukizunguka kisiwa chote. Nguo ikatandazwa ufukweni, mwenyeji akaichukua, akahamia bara.

Kisa hiki kimehifadhiwa katika maandishi ya namna tatu, na ukiyasoma pamoja utaona kuna mtu anayetokea katika moja na kutoweka katika mengine. Tarehe ya Kilwa, yaani historia yake, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 ilinakiliwa Zanzibar karne ya 19, ikapita mikononi mwa John Kirk, balozi wa Uingereza, na leo imo Maktaba ya Uingereza mjini London. Sura zake za mwisho hazimo. Kabla ya nakala hiyo kufika Ulaya, Mreno João de Barros alikuwa amekwisha kuchapisha habari za masultani wa Kilwa mwaka 1552, miaka 47 baada ya Wareno kuupora mji huo. Waandishi wote wawili walishughulika na masultani: nani alitawala, miaka mingapi, nani akampindua.

Ya tatu ni ya Kiswahili. Mjerumani Carl Velten aliichapisha Berlin mwaka 1907, na humo ndimo anamoingia Mzee Mrimba wa Wamachinga pamoja na binti yake. Sultani Ali anamwoa binti huyo. Wanapata mtoto wa kiume, naye akishakua anakwenda bara kumwona babu yake, na babu anamkabidhi utawala. Kwa masimulizi haya, nguo ilinunua mahali pa kukaa. Haki ya kutawala ilipitia kwa mama.

Mtunzi wa Kiarabu anaeleza jambo jingine kabisa. Kwake yeye mwenyeji alikuwa kafiri aliyepanga kurudi kuwaua wageni, nao wakachimba mkondo uliokuwa ukivukwa kwa miguu maji yakipwa. Aliporejea alisimama ng'ambo akisubiri maji yatoke, yasitoke, akakata tamaa. Masimulizi ya Kiswahili nayo yanataja mkondo huo, ila yanasema maji yalizuiwa yasipwe kwa kisomo cha Kurani na kafara. Anayevuka leo kwa dau kutoka Kilwa Masoko anapita juu ya maji yanayotenganisha kisiwa na bara, na kwa maoni yangu ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kusikilizia kisa hiki, kabla macho hayajatekwa na magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa.

Ndoa ya Sultani Ali na binti wa Mrimba inaweza kuonekana kama pambo la hadithi tu. Hata hivyo, mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kisiwani miaka ya 1960, alikuta tabaka za makazi zilizotangulia kwa karne kadhaa majengo makubwa ya mawe. Yaani wenyeji walikuwapo kweli. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, pamoja na mji mmoja wa bara. Wengi wa wale wa pwani walikuwa na asili ya Kiafrika kwa upande wa mama na ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Mifupa haiwezi kututhibitishia kwamba Mrimba alikuwa na binti. Lakini inashuhudia ndoa za aina ile ile walizozikumbuka wazee, na ambazo mtunzi wa Kiarabu hakuzipa nafasi katika kisa cha kununuliwa kwa kisiwa.

Ndiyo maana inaniuma kwamba maandishi ya Velten, yaliyo katika lugha yetu wenyewe, yanasomwa zaidi na watafiti wa ng'ambo kuliko na wanafunzi wa Kivinje, Masoko na Kisiwani. Ni kurasa chache tu. Halmashauri ya Kilwa ingeweza kuzichapa upya na kuzigawa shuleni, kisha walimu wawatume watoto kwa bibi na babu zao wakaulize mambo matatu: maji ya mkondo yalizuiwaje kupwa, Mrimba alihamia wapi, na binti yake aliitwa nani. Majibu yatatofautiana kijiji kwa kijiji. Yarekodiwe yote, kwa sauti za wasimulizi wenyewe.