Wewe Unamwona, Yeye Hakuoni

Giza la Same halibishi hodi. Mji huu uko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na jua likishatua upande wa nyika ya Wamasai, mwangaza unaobaki ni wa dakika ishirini hivi, basi. Anayeondoka Makanya akiwa bado anawaona mbuzi kando ya barabara huingia Same akifuata taa yake. Upande wa pili wa milima, Kisiwani, Maore na Ndungu, giza huwahi zaidi, maana huko mlima wenyewe hulimeza jua kabla ya saa yake.

Sasa mchukue dereva wa bodaboda anayetoka Hedaru kwenda Same saa mbili usiku. Kulia kwake ni milima ya Upare, kushoto ni nyika, na mbele barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha imenyooka kama uzi. Mbali kule zinatokea taa mbili za lori. Anaziona muda mrefu kabla hazijamfikia, na moyoni anajisemea: mimi namwona hivi, yeye ataachaje kuniona? Hapo ndipo penye kosa. Wala si kosa la wajinga. Tunalo sote, na limepimwa.

Katika majaribio yaliyoanza miongo kadhaa iliyopita, watu walisimamishwa usiku kando ya barabara na kuulizwa ni wakati gani wanadhani dereva anayekuja ameanza kuwaona. Wengi walitaja umbali mkubwa kuliko ule ambao dereva aliwaona kweli, baadhi yao mara mbili na zaidi. Sababu ni nyepesi ukishaambiwa. Mwanga unaokuumiza macho wewe umetoka kwenye taa moja kwa moja. Mwanga unaomwonyesha dereva kwamba upo ni ule kidogo uliogonga nguo yako ukarudi kwake, na koti jeusi hurudisha kidogo mno. Nyote wawili mko kwenye mwanga uleule, lakini hampati sehemu sawa.

Tupige hesabu. Lori likienda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Mpe dereva sekunde mbili za kuona kitu, kukielewa na kukanyaga breki: mita 44 zimekwenda. Gari dogo lenye breki nzuri litahitaji mita nyingine zinazokaribia 40 ili lisimame, na lori lenye shehena litahitaji zaidi. Jumla inapita mita 80. Lakini dereva anayeendesha kwa taa za chini, kama inavyompasa anapopishana na wengine, mara nyingi hamtambui mtu mwenye nguo nyeusi mpaka awe amebakiza mita 50 au pungufu. Hata akiwa macho, mzima na hajalewa, bado hesabu haifungi.

Kinachoifunga ni kitu ambacho paka amekuwa nacho siku zote. Mmulike paka usiku, macho yake yatawaka kama makaa. Nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga kule ulikotoka. Mwaka 1934 fundi mmoja wa barabara nchini Uingereza alisajili kifaa cha kioo kilichoiga jambo hilo, kikapachikwa katikati ya barabara ili madereva waone njia usiku. Tepe za kijivu zilizoshonwa kwenye reflekta za bodaboda, vile vizibao vya rangi kali, ni ndugu wa kifaa hicho. Ndani yake kuna maelfu ya shanga ndogo za kioo, nyembamba kuliko ncha ya sindano, au vipembe vidogo vya plastiki. Kioo cha kawaida cha kujitazamia hutupa mwanga pembeni ukikimulika kwa mshazari. Nguo nyeupe huutawanya kila upande. Shanga hizi huushika na kuurudisha kwa mwenye taa. Na mwenye taa ndiye dereva.

Jambo hili halihitaji maabara. Nililijaribu nyumbani. Nilitundika reflekta kwenye kamba ya kuanikia, nikarudi nyuma hatua thelathini, nikaweka tochi ya simu kando ya jicho langu. Tepe zikawaka kama taa. Mwenzangu aliyesimama pembeni, hatua nane kutoka kwangu, aliona kizibao cha kawaida tu kinachoning'inia gizani, akauliza nashangaa nini. Nilipompa tochi, mambo yakageuka: yeye akashangaa, mimi nikawa siioni tena.

Jaribio hilo hilo linafaa kabla ya kununua. Sokoni kuna vizibao ambavyo tepe zake ni kitambaa cha kijivu kinachometameta mchana na kufa usiku. Ingia mahali penye giza dukani, weka tochi kando ya jicho, utajua. Vilevile usidanganyike na rangi. Ile njano kali inayokaribia kijani ni nzuri sana mchana na wakati wa machweo, kwa sababu hubadilisha mionzi ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana. Jua likishazama, rangi hiyo haina tena cha kubadilisha. Usiku kazi hufanywa na tepe, si na rangi, na wengi wetu tumekuwa tukinunua rangi.

Wataalamu waliwahi kulipima hilo kwenye barabara iliyofungwa usiku. Madereva walipita, na kazi yao ilikuwa kusema kila walipomtambua mwendesha baiskeli. Aliyevaa nyeusi alitambuliwa mara 2 tu katika kila 100. Mwenye kizibao cha rangi kali kisicho na tepe, mara 15. Mwenye kizibao cha tepe, mara 50. Halafu wakamwongezea tepe mbili mbili kwenye magoti na vifundo vya miguu: mara 90. Kiasi kidogo cha utepe, lakini mahali pake.

Kwa nini magotini na vifundoni? Jibu lilianzia Sweden mwaka 1973, ambako watu walibandikwa vinukta vya mwanga kwenye viungo vyao wakapigwa picha za sinema gizani. Waliotazama hawakuona mwili, waliona vinukta tu. Vinukta vikiwa vimetulia havikuwa na maana yoyote. Vilipoanza kutembea, mtu akaonekana mara moja, bila kufikiri. Ubongo wa binadamu unaujua mwendo wa binadamu. Kinachong'aa kifuani humwambia dereva kuna kitu. Kinachopanda na kushuka mguuni humwambia kuna mtu.

Hapa lazima niweke breki kidogo. Anayeendesha baiskeli huchezesha miguu. Wa pikipiki miguu yake imetulia juu ya vyuma. Kwa hiyo ile 90 haimhusu mwendesha bodaboda moja kwa moja, na anayemuuzia utepe kwa ahadi hiyo anamwongopea. Inamhusu zaidi mwanafunzi anayetoka kwao Mwembe kabla hakujapambazuka, mama anayerudi kutoka gulioni na beseni kichwani, na mchungaji anayevusha ng'ombe barabarani jioni. Utepe wa vidole viwili uliozungushwa kifundoni, au kushonwa kwenye pindo la suruali ya shule, unawafaa hao kuliko kizibao kizima. Reflekta iliyochakaa mbavuni bado ina tepe nzima. Mpe fundi cherehani aikate.

Turudi kwa bodaboda. Ushahidi wake unatoka kwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 huko New Zealand uliwalinganisha waendesha pikipiki walioumia au kufa na wengine waliokuwa wakipita salama kwenye barabara za eneo hilohilo. Waliovaa nguo za kung'aa au za kuakisi walikuwa na hatari pungufu kwa takriban asilimia 37, na wenye kofia ngumu nyeupe asilimia 24 chini ya wenye nyeusi. Tusizichukue namba hizo kama ahadi. Huenda anayevaa reflekta ni mwangalifu pia kwa mengine, na barabara za kule si za Makanya. Lakini zinaelekea upande mmoja na yale tunayoyajua kuhusu jicho, na hilo lina uzito. Malaysia, nchi ya pikipiki nyingi, iliagiza mwaka 1992 taa ya mbele iwashwe hata mchana; ajali zinazohusiana na kutoonekana zikapungua kwa karibu asilimia 29.

Taa, basi, ni nusu ya habari. Reflekta hungoja kumulikwa. Gari linalochomoza ubavuni kutoka njia ya vumbi halijakuelekezea taa zake, na kwake utepe wako ni kitambaa tu. Hapo linalokuokoa ni taa yako mwenyewe. Hiyo nayo ina udhaifu wake. Taa mbili za gari zinaachana kadiri gari linavyokaribia, na dereva anasoma mwendo hapo. Taa moja haina cha kuachana nacho. Majaribio yameonyesha kwamba usiku watu hukosea sana kukadiria mwendo wa pikipiki yenye taa moja, na makosa hupungua ikiongezewa taa mbili ndogo zinazofanya pembetatu na ile kubwa. Na zipo gari chongo barabarani. Taa moja inayokuja haijitambulishi ni nani.

Milimani kuna jambo la ziada. Kwenye mteremko wa kutoka Suji au Mbaga wapo wanaozima injini ili kuokoa petroli, wakaiachia pikipiki iserereke. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele hupata umeme wake kutoka kwenye injini inayozunguka, si kwenye betri. Injini ikizimwa, taa inakufa. Ikinguruma polepole, taa inafifia. Anayeokoa petroli usiku anashuka kimya na gizani, kwenye kona ambazo hata mwenye taa haonekani, kwa sababu mwanga haupindi kona. Honi haipindi vizuri sana, lakini inapinda kuliko mwanga. Na ukungu ukishuka kutoka msitu wa Chome, utepe nao hupungukiwa nguvu, kwa sababu mwanga hutawanyika kwenda na kurudi. Usiku wa namna hiyo hakuna kifaa kinachoshinda kupunguza mwendo.

Vumbi pia. Same ya tambarare ni nchi kavu, na vumbi lake jekundu huziba zile shanga mpaka utepe uwe sawa na gunia. Kizibao kioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida, kisisuguliwe kwa brashi ngumu. Nimeviona vingi vijiweni ambavyo havijaonja maji tangu viliponunuliwa.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote ni ya jiometri tu, na sijui kwa nini tunaipita kila siku bila kuisema. Mgongo wa dereva wa bodaboda ndiyo sehemu iliyovikwa utepe mwingi. Nyuma ya mgongo huo anakaa abiria, amevaa koti jeusi au amejifunika shuka kwa baridi. Au limefungwa gunia la tangawizi kutoka Mamba Myamba, limepanda mpaka mabegani. Gari linalokuja nyuma haliuoni huo utepe hata kidogo, na taa ya nyuma ya pikipiki, kama inawaka, imefunikwa na pindo la gunia. Tumemvika reflekta mtu ambaye kwa upande wa hatari ameshawekewa pazia.

Mabasi yalipoanza tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio la miaka mingi, barabara hii ilipata wasafiri wapya wa saa tisa na saa kumi. Saa hizo ndizo za wachuuzi wa samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Mwanga. Hupakia perege kwenye matenga makubwa nyuma ya pikipiki na kupanda barabara kuu kuwahi soko la asubuhi. Dereva haonekani kwa nyuma, zaidi ya kofia yake. Tenga ndilo linaloonekana, kwa hiyo tenga ndilo la kuvikwa: utepe mmoja juu, mwingine chini, na mwingine kila ubavu, umefungwa nje ya kamba ili usifunikwe, na kuoshwa magamba kila tenga linapooshwa.