Kilwa Kisiwani: Mji wa Masultani Ulio Njiani Kwetu

Mabasi yatokayo Newala na Masasi kwenda Dar es Salaam hupita Nangurukuru, lakini ni wachache mno wateremkao pale, wakaifuata njia ya Kilwa Masoko, wakachukua kibali na kuvuka kwa mashua hadi Kisiwani. Jambo hili lasikitisha. Watoto wetu husimuliwa habari za Baghdad na Cordoba, ilhali mji wa masultani wa Kiislamu uko katika njia yao.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Ameeleza kwamba wakazi wake wengi walikuwa Wazanji, weusi sana, wenye chale nyusoni. Msomaji wa Newala ambaye bibi yake alikuwa na chale za Kimakonde na aisome habari hiyo mara mbili! Sisemi kwamba watu wale walikuwa Wamakonde. Nasema tu kwamba wadaio mji ule ulikuwa wa wageni watupu hawana hoja.

Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Ibn Battuta asimulia kuwa Ijumaa moja, baada ya swala, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo zile zile alizovaa. Sultani akarejea, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine na kumwachia fakiri zile alizotaka. Nduguye Daud, aliyemrithi, aliwaambia waombaji kuwa mtoaji amekwisha kufa.

Utajiri huo ulitokana hasa na dhahabu ya Sofala. Kwa huo al-Hasan alijenga Husuni Kubwa, kasri ya vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, na akaupanua Msikiti Mkuu kwa nguzo na makuba ya matumbawe na chokaa. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505.

UNESCO iliyaingiza magofu haya katika urithi wa dunia mwaka 1981, ikayatia katika orodha ya hatari mwaka 2004 kwa kuporomoka kwake, na kuyaondoa humo mwaka 2014. Basi watoto wasiparamie kuta wala kuandika majina yao juu yake. Mihrabu ingali imeelekea kibla. Na makaburi husalimiwa, hayaombwi.

Kutoka msikitini hadi Husuni Kubwa ni mwendo wa miguu juani. Wenye watoto wadogo waanze asubuhi, na wachukue maji.