Vitaa vya redio ya data: vinasema nini, na visichokisema

Wengi wetu tulizoea foni: unasikia sauti, unajua mwenzako yupo. Redio ya data haina sauti. Ni kisanduku kilichofungwa juu ya mlingoti, na tunachokiona ni vitaa vidogo tu. Pale ambapo ombi la kituo cha afya la kutafutiwa gari la mama mjamzito linapita katika kisanduku hicho, kuvielewa vitaa kunamhusu mlinzi na mwandishi wa parokia pia. Fundi huenda yuko Lubumbashi, karibu kilomita 300 kutoka Kolwezi.

Tuanze na taa ya umeme. Redio nyingi za aina hii hupata umeme kwa waya uleule unaobeba data, kutoka kidude kilichochomekwa ukutani, nacho kina taa yake. Taa ya ukutani ikiwaka na ya juu ikazimika, tusiilaumu SNEL: tutafute waya uliotafunwa na panya au kichwa cha waya kilichoingia maji. Zote mbili zikizimika, hapo tuulize habari za umeme au betri. (Laini kubwa ya Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, inaishia hapa kwetu Kolwezi, na bado mishumaa tunainunua.)

Taa ya LAN ni ya waya kati ya redio na vyombo vya ofisini. Ikikonyeza, data inapita. Wengine huogopa wakiiona inakonyeza. Ni afya yake.

Zinazosumbua watu ni taa za mawimbi. Kwenye NanoStation M ziko nne: nyekundu, ya rangi ya chungwa, na mbili za kijani. Jinsi zilivyopangwa kiwandani, ya kwanza huwaka nguvu ya mawimbi ikifika -94 dBm, ya pili -80, ya tatu -73, ya nne -65. Alama ya kutoa isituchanganye: namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi. Na kushuka kwa 10, kwa mfano kutoka -65 hadi -75, ni kubaki na sehemu moja tu ya kumi ya nguvu ya kwanza.

Tuangalie pia zinavyozimika. Zikipotea zote nne kwa ghafla huku taa ya umeme inawaka, huenda mnara wa upande wa pili umelala, au upepo umeigeuza redio yetu. Zikipungua moja moja kwa miezi, kuna kitu kinaota katikati ya njia: mwembe, jengo jipya, au, kwetu huku, rundo la udongo wa mgodi. Redio hizi zinataka kuonana uso kwa uso, na marundo ya migodi hayakai na kimo kimoja mwaka hadi mwaka.

Kuna jambo zito zaidi. Taa zote nne zinaweza kuwaka na ujumbe usifike. Taa hupima nguvu ya mawimbi, haipimi usafi wake. Mjini, redio nyingi zikitumia masafa yaleyale, ni kama kuongea sokoni. Tena taa inajua njia ya kufika mnara wa kwanza tu, haijui ya mbele yake. Kwa hiyo ujumbe wa mgonjwa tusiuhesabu umefika mpaka aliyeupokea ajibu. Asipojibu, tupige simu au tumtume mtu wa pikipiki, hata kama kijani kinang'aa.

Kile kitufe kilicho ndani ya tundu dogo tusikiguse: kukibonyeza kwa sekunde kadhaa hufuta mipangilio yote, na hapo fundi atalazimika kuja mwenyewe. Wakati wa radi mtu asipande mlingoti. Karibu na kidude cha ukutani liwepo daftari: tarehe, saa, taa zipi zinawaka, zipi zinakonyeza. Fundi akipigiwa simu, swali lake la kwanza litakuwa hilo.