Wataalamu Wachache, Uzoefu Mwingi
Mgonjwa wa Parkinson ambaye miguu yake huganda mlangoni aweza kufundishwa kuvuka mistari iliyochorwa sakafuni, akapita bila kuanguka. Mtabibu anayewaona wagonjwa wa aina hii mara mojamoja, hata awe hodari, ni nadra kuimudu mbinu hiyo. Ndiyo maana mwaka 2004, huko Nijmegen, Uholanzi, Bastiaan Bloem na Marten Munneke walianzisha ParkinsonNet: wataalamu wachache wa tiba ya viungo katika eneo hupewa mafunzo, kisha wagonjwa huelekezwa kwao. Uchache huo ndio siri yenyewe. Baadaye mitandao ilienea nchi nzima. Kati ya wagonjwa zaidi ya 4,000 waliofuatiliwa, matatizo kama mivunjiko ya mifupa na nimonia yaliwapata asilimia 17 ya waliohudumiwa na wataalamu hao, dhidi ya asilimia 21 ya wengineo.